Kugongewa Meza

Baba yetu hakuwahi kumchapa mtoto, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Mteja akiingia karakana kuulizia kioo cha dirisha, kabla hajatoa vipimo vyake mfukoni alikuwa ameshaambiwa kwamba wale wawili pale, wa kike na wa kiume, wamelelewa bila fimbo, na hebu watazame walivyonyooka. Sisi tunatabasamu. Ungefanya nini? Mteja ni mteja.

Badala ya fimbo baba alikuwa na rafu. Ilikuwa ubao mrefu ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo huwezi kuingia wala kutoka bila kuuona. Kila kioo kilichovunjwa kwa uzembe, kipande chake kimoja kilipandishwa pale na kupewa jina la utani, na baba alikuwa tayari kukisimulia kwa yeyote. "Hiki tunakiita Haraka. Cha huyu binti yangu. Alikuwa anawahi kwenda kusuka nywele." Wateja wanacheka, baba anacheka, mafundi nao wanacheka kwa sababu yeye ndiye anayewalipa. Na kwa upande wa mema alikuwa na meza. Ukikata kioo kigumu kikatoka safi, baba anachukua koleo lake la kumegea vioo na kuigonga ile meza kubwa ya kukatia, ko, ko, ko, na kila mtu anaacha alichoshika na kukutazama. Hasemi neno. Anagonga tu, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Hayo ndiyo malezi yetu yote, na baba aliyaona yametimia.

Mimi nilikuwa mtoto wa meza. Ningeacha chakula kwa ajili ya ile ko, ko, ko. Nilijaribu mikato ambayo watu wazima wanaikwepa: miviringo, pembe za ndani, vioo vya madirisha ya zamani ambavyo vinapasuka ukivitazama vibaya. Nilipovunja, nilivunja kwelikweli. Sehemu kubwa ya rafu ilikuwa yangu, na baba akikosea kusimulia, mimi ndiye ninayemsahihisha mbele ya wateja: "Hapana baba, hicho ni Haraka, Kiburi ni kile cha pembeni." Hainiingii hata kidogo. Nilizaliwa na ngozi ya soli.

Kaka yangu alikuwa na kipande kimoja tu pale juu. Kilikuwa cha kioo cha kujitazamia cha mama mmoja mshonaji, alichokivunja enzi sauti yake ndiyo kwanza inakuwa nzito, na baba akakiita Bwana Harusi kwa sababu siku hiyo kaka alikuwa amevaa shati jipya. Basi, hicho kimoja. Na kila asubuhi aliingia karakana akiwa amegeuza uso upande wa pili, shingo imekakamaa, kana kwamba pale mlangoni kuna mbwa amefungwa kwa kamba asiyoiamini.

Tulikula sahani moja, tukalala chumba kimoja, tukafundishwa na mtu mmoja kwa maneno yaleyale. Mimi nilisikia meza, yeye akasikia rafu. Hata akigongewa, hafurahi. Nilimtazama sana nikiwa mdogo, kwa wivu, maana alikuwa anagongewa mno. Koleo likilia anafumba macho, kisha anakirudia kile kioo kutafuta kasoro ambayo baba hajaiona.

Mtu wa namna hiyo angekuwa mshonaji labda angeokoka, kwa kuwa mshono unafumuliwa. Seremala naye anaongeza gundi kidogo na maisha yanaendelea. Kioo hakina huruma hiyo. Unachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, unaegemeza rula, unavuta mstari mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo bila kusita, na umemaliza. Ukipita tena juu ya mstari uleule, umeharibu kikatio na kioo pamoja. Hakuna kuhakikisha, na kuhakikisha ndiko kulikokuwa pumzi ya kaka yangu.

Kwa hiyo alihakikisha kabla. Anapima, anakifuta kioo, anapima tena, anarudi nyumbani kwa mteja kulipima dirisha upya, anarudi karakana kupima. Tulimbandika jina la Futi. Kipara, fundi wetu mkongwe, alisema Futi akifa atafufuka kwanza aje kupima kaburi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na kaka akacheka pamoja nasi. Alipooa, wifi yangu alinisimulia kwamba ndani ya nyumba yao hakuna mlango unaofungwa mara moja, wala jiko linalozimwa mara moja. Alinisimulia kwa kucheka pia, mwanzoni.

Alipokata, hata hivyo, hakuna aliyemfikia. Watu walikubali kumsubiri. Mimi sikusubiriwa na mtu. Nilichukua kazi tatu kwa siku niliyoweza kumaliza moja, kwa sababu ukimwambia mteja "nitaiweza" uso wake unachanua palepale, na uso huo mimi naupenda kuliko kazi yenyewe. Nimeolewa mara mbili. Wote wawili walinisifu vizuri mwanzoni, kisha wakachoka, nami sikai mahali palipochokwa.

Siku kaka alipokwama, kioo chenyewe kilikuwa cha dirisha la jiko, kidogo, cha kawaida kabisa, ambacho hata mimi ningekikata huku nikipiga soga. Alikilaza mezani asubuhi tulipofungua. Akaweka rula. Akashika kikatio. Hatukuona ajabu, tumezoea. Baadaye Kipara akamwambia, "Futi, hicho kioo kitaota mizizi," na kaka hakucheka. Mchana wifi alipoleta chakula, alimgusa mkono akaurudisha wake haraka. Shati lilikuwa limelowa lote. Alikuwa amesimama vilevile, rula palepale, macho makavu.

"Mume wangu," wifi akamwita kwa upole, "kaa kidogo ule."

"Siwezi kuusogeza," kaka akasema.

"Nini?"

"Mkono."

Mimi na wifi tulivifumbua vidole vyake kimoja kimoja, na kikatio kikaanguka sakafuni. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, koleo mkononi, hajui alitumie kufanya nini.

Daktari tuliyepelekwa kwake alikuwa mama mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimsikiliza kaka peke yake muda mrefu, halafu akatuita sote. Alieleza bila kutuzungusha. Alisema kila mtu amezaliwa na masikio mawili ya ndani, moja la zawadi na moja la adhabu, na kwa watu wengi masikio hayo yanakaribia kulingana. Wengine sikio la adhabu ni kali mno. Wanausikia mchakacho wa lawama kabla haujafika, wanauepuka, wanakuwa watu waangalifu, wapole, wa kutegemewa. Si ugonjwa. Ni tabia, kama mtu kuwa mrefu.

"Lakini ukimchukua huyo," akasema, "ukamlea chini ya rafu kama hiyo mliyonieleza, sikio halipumziki tena. Hapo ndipo tabia inapogeuka maradhi. Wasiwasi huu anao muda mrefu. Na mtu akichoka na wasiwasi, huzuni nayo inaingia."

Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Daktari akanigeukia.

"Na wewe?"

"Mimi sina wasiwasi hata wa dawa, daktari," nikamjibu, nikatabasamu.

"Sikukuuliza wasiwasi. Wasipokusifu, unakuwaje?"

Nikamwambia tumekuja kwa ajili ya kaka. Hakubisha. Ila alinitazama kidogo zaidi ya nilivyopenda, na nilitoka pale nina hasira naye ambayo mpaka leo haijaisha, kwa kuwa ni swali ambalo watu wawili walionioa hawakuwahi kulifikiria.

Maagizo yalikuwa mepesi. Dawa kila siku. Rafu iondoke. Arudi kazini polepole, kwa vioo vidogo, bila kutazamwa. Akikosea, iwe jambo la kawaida. Akipatia, iwe jambo la kawaida vilevile. Daktari alilisema hilo la mwisho mara mbili, na baba aliitikia mara mbili, na hakulisikia hata mara moja.

Rafu aliiondoa jioni ileile. Aling'oa misumari kwa mikono yake, akavitumbukiza vipande vyote ndooni, Haraka, Kiburi, Bwana Harusi na ndugu zao. Niseme wazi: baba alimpenda kaka. Ndilo linaloniudhi. Angekuwa katili ningejua hasira yangu niielekeze wapi.

Lakini alikuwa na zana mbili tu maishani, na alipoiweka moja chini akaishika nyingine kwa mikono yote. Kaka akiingia asubuhi, ko, ko, ko. Akinywa dawa yake, ko, ko, ko. Akifagia vumbi la kusagia kingo, meza inalia, na Kipara na mwenzake wameagizwa wapige makofi. "Mnamwona kijana wangu?" baba anawaambia wateja. "Mnamwona alivyo imara?" Mimi nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote. Ndiyo dawa ambayo ningejiandikia mwenyewe. Ningepona kwa wiki moja, kisha ningeomba kuugua tena.

Kipara peke yake alinung'unika, tukiwa tunabeba fremu. "Huyu anavishwa kilemba cha ukoka mchana kweupe."

"Piga makofi, Kipara."

"Napiga, napiga. Nimekataa?"

Wifi alinisimamisha barabarani siku moja, kikapu mkononi. Alikuwa amepungua.

"Wifi, kaka yako anatapika kila asubuhi kabla ya kuja huko kwenu."

"Ni dawa hizo. Atazizoea."

"Dawa anakunywa akishatapika."

Nikaenda kumtafuta. Alikuwa uani, nyuma ya karakana, anasaga kingo za kioo kwa jiwe na maji, kazi anayopewa mwanagenzi. Niliketi karibu naye juu ya kreti. Akasema bila kuinua macho, "Mwambie baba airudishe rafu."

Nilidhani anatania. "Kaka, una akili timamu kweli?"

"Si ndiyo hiyo mnayonitibia?" Akatabasamu kidogo, tabasamu lake la zamani. Kisha likazimika. "Rafu nilijua iko wapi. Nikishaipita asubuhi, imekwisha mpaka jioni. Sasa imo midomoni mwenu wote. Kila mkinipigia makofi mnanipandisha juu, mnanipandisha, na atakayeanguka si nyinyi."

"Jikaze kisabuni," nikamwambia. "Unapendwa."

"Najua," akasema, na akaendelea kusaga. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu akaielewa vizuri.

Halafu ikaja kazi ya saluni. Mwenye saluni, mama mwenye sauti ya kuamrisha na roho nzuri, alitaka kioo cha kujitazamia cha ukuta mzima, kipande kimoja, bila kuungwa. Kioo cha namna hiyo kinaagizwa mara moja, na kikipasuka kazi inakwenda kwa mwingine na sifa ya karakana inakwenda nacho. Baba alitangaza kwamba kaka ndiye atakayekikata, Jumamosi, mbele ya watu. Na akikikata, atakabidhiwa ufunguo wa karakana palepale.

Wifi alikuja nyumbani kwangu mchana uleule. Hakukaa.

"Wewe ndiye baba anayekusikiliza. Nenda ukamwambie asifanye. Daktari alisema vioo vidogo, alisema asitazamwe. Akimsimamisha mbele ya watu atammaliza. Nakuomba, wifi. Sina mwingine wa kumwomba."

Nilikwenda. Nilimkuta baba anapiga msasa ufunguo ung'ae.

"Baba, daktari alikataza watu."

"Daktari alikataza nisimwadhibu. Namwadhibu? Nampa karakana!"

"Alisema akipatia pia iwe jambo la kawaida."

"Mwanangu." Aliweka msasa chini. "Mtu wa chini hainuliwi kwa jambo la kawaida. Mimi baba yangu hakuniambia neno zuri mpaka anaingia kaburini, na unaniona mzima? Unadhani mimi ni mzima?" Hilo hakuwahi kulisema, na alilisema kama mtu aliyejikwaa. Kisha akajikusanya, akanishika bega. "Na wewe ndiye utakayeshika upande wa pili wa rula. Kipara mkono wake umezeeka. Katika karakana hii nzima hakuna mwingine ninayemwamini. Hakuna."

Nilikuwa na maneno mengine, nakumbuka yalikuwepo, yalikuwa yamejipanga vizuri tangu njiani. Nikamuuliza rula ile ndefu ya mbao au ile ya chuma.

Jumamosi asubuhi karakana ilijaa. Mwenye saluni na wasichana wake wa kazi, majirani, baba mdogo na wanawe, kreti za soda kwenye kivuli. Kaka aliingia kwa shati lililopigwa pasi, wifi nyuma yake amekaza midomo. Alinisalimia kwa kichwa. Nilibana upande wangu wa rula, naye akaubana wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupima tena. Alichovya kikatio kwenye mafuta, akapumua, akavuta.

Ilikuwa sauti ndogo ya kitambaa kinachochanwa, moja, ndefu, isiyokatika, kutoka kwake mpaka kwangu. Tuliinua kioo, tukakiegemeza ukingoni mwa meza, akakibonyeza. Kikaachana. Mkato ulinyooka vile ambavyo sijawahi kuuona kwa mtu yeyote, hata kwa baba, hata kwangu.

Kisha meza. Baba aliigonga mpaka rangi ya koleo ikabanduka. Makofi, miluzi, mwenye saluni anamkumbatia kila aliye karibu. Wifi alikuwa analia, na nilidhani ni furaha, kwa sababu mimi nilikuwa nalia kwa furaha. Baba alimwekea kaka ufunguo mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Kuanzia leo ni yako! Na Jumatatu tuna kikubwa kuliko hiki!"

"Kikubwa kuliko hiki?" kaka akauliza.

"Mara mbili yake!"

"Asante, baba."

Aliuweka ufunguo mezani. Alikifuta kikatio mafuta, akakirudisha kwenye kikasha chake, akapenya katikati ya watu waliokuwa wanampigapiga mgongo, akatoka kwenda uani. Tulidhani anakwenda kunawa. Soda zikafunguliwa. Ni wifi aliyemfuata, na ni ukelele wake uliotutoa nje. Kaka alikuwa amejibana kati ya kreti na ukuta, amechuchumaa, mikono kwapani, meno yanagongana, na hakumtambua yeyote kati yetu.

Safari hii alilazwa. Daktari yuleyule alitupokea kwenye korido, na baba alisimama mbele yake kama mwanafunzi, anasubiri kukaripiwa. Nadhani angependa akaripiwe.

"Alivunja?" daktari akauliza.

"Hapana, mama! Alipatia! Waulize watu wote, alipatia kabisa!"

Daktari alivua miwani. "Sasa amepata kitu kikubwa cha kupoteza," akasema, si kwa ukali, akaingia wodini.

Kaka alikaa huko muda mrefu. Alipoanza kula na kuongea, wifi ndiye aliyekaa naye na daktari na kuamua, na hakutushirikisha. Shangazi yake wifi anaishi mbali na anaotesha miche ya kuuza. Kaka atamsaidia kumwagilia. Mche ukifa unapandwa mwingine, na hakuna anayeuliza ni wa nani. Sisi tusiende, wala tusipige simu, mpaka tutakapoitwa, na hakusema tutaitwa lini. Baba aliambiwa kwanza. Sikuwepo, ila tangu siku ile hajaigonga meza. Mafundi wanamaliza kazi zao na kuondoka kimyakimya, na yeye anabaki anatazama mikono yake.

Siku yao ya kuondoka nilikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Nilibeba godoro, nilikunja mapazia, nilifanya kazi ya watu wawili. Kaka alikuwa nje tayari, ameketi juu ya begi akisubiri gari, kofia imeshuka usoni.

"Nitakuja kuwaona Mungu akipenda," nikasema. "Baba asije, sawa. Mimi nitakuja na matunda."

Wifi aliendelea kufunga kamba. "Hata wewe, wifi."

"Mimi?" Nikacheka. "Mimi ndiye niliyevifumbua vidole vyake na wewe!"

"Ndiyo."

"Mimi nilikwenda kwa baba. Uliniomba nikaenda."

"Ulikwenda."

"Basi sema. Sisemi uniruhusu. Sema tu kwamba nilimsaidia. Si nilimsaidia, wifi?"

Sauti yangu niliisikia mwenyewe na nikaichukia. Wifi aliinua uso. Hakuwa na hasira, na ningempa chochote awe nayo. Alikuwa amechoka tu, ana safari ndefu mbele yake na mtu wa kumfikisha. Alitupia begi moja begani, akalishika la pili kwa mkono.

"Nishikie huo mlango," akasema, "upepo unaufunga."

Niliushika. Alipita na mabegi yake, akarudi kuchukua mengine, akapita tena, akamwinua kaka taratibu na kumpeleka kwenye gari. Niliushika vizuri, hata haukutikisika, mpaka gari lilipokata kona, na hakuna aliyeniambia kitu.